Watanabe, Mjapani aliyepita tundu dogo kuingia ndani ya goti

Wewe unayecheza kandanda kwenye mchanga wa mto Tarach ukikauka pale Kakuma, ama basketiboli kwenye uwanja wa simiti ndani ya kambi, hebu nikuulize. Umewahi kuona mchezaji akiruka, akatua kwa mguu mmoja, mguu ukang'ang'ania chini huku mwili ukigeuka? Goti linalia. Anainuka, anachechemea kidogo, anasema yuko poa. Kesho yake goti limefura kama embe bivu. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, lakini akichuchumaa goti linakwama. Halinyooki mpaka alitikisetikise kwanza.

Si unajua mtaani kila mtu ni daktari? Mmoja atasema goti limeteguka, livutwe. Wa pili ataleta mafuta ya kukanda. Wa tatu atamwambia aachane na mpira, mguu huo umeshakwisha. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyeona kilichomo ndani.

Leo nakuletea maisha ya mtu aliyetaka kuona kwanza ndipo aseme. Anaitwa Masaki Watanabe, daktari wa mifupa wa Tokyo. Kama una jamaa aliyefanyiwa upasuaji wa goti kwa vitundu viwili akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, basi jamaa huyo anadaiwa shukrani na huyu Mjapani, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Mimi si daktari, chuo chenyewe nilikiacha kabla sijavaa joho, kwa hivyo goti lako lipeleke hospitali. Lakini stori ya jinsi watu walivyojifunza kuingia gotini bila kulipasua, hiyo tulia nikupe.

Kwanza ujue kinachochanika

Ndani ya goti, kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, kuna vipande viwili vya gegedu. Kimoja kiko upande wa ndani, kingine upande wa nje. Vina umbo la hilali, ule mwezi mchanga unaotafutwa angani kabla ya Ramadhani. Madaktari wanaviita meniskasi. Kazi yake ni kama ya springi na kabari kwa pamoja: vinapokea uzito wako ukitembea, ukiruka, ukibeba mtungi wa maji, na vinazuia mfupa mmoja usiteleze juu ya mwingine.

Ukikanyaga chini kisha ukageuka kwa nguvu goti likiwa limekunjwa, kile kipande kinaweza kubanwa katikati ya mifupa kikachanika. Wakati mwingine pande lililochanika linaning'inia kama ulimi wa kiatu. Likijikunja na kuingia katikati, goti linakwama. Halijateguka, kwa hivyo kulivuta hakusaidii kitu, na kunaweza kuongeza mchaniko.

Shida ni kwamba sehemu kubwa ya meniskasi haina damu. Ukingo wa nje tu, karibu theluthi moja, ndio unaopata mishipa ya damu. Mchaniko ukiwa ukingoni unaweza kupona. Ukiwa ndani kabisa, hata ungoje mvua tatu, haujiungi wenyewe.

Sasa fikiria daktari wa miaka ya 1940. Hana skani ya MRI. Eksirei inamwonyesha mifupa tu, gegedu haionekani. Anachoweza ni kulipinda goti lako, kusikiliza, kukisia, halafu kulipasua. Na akishalipasua, wengi wa wakati huo waliamini ni bora kuitoa meniskasi yote, hata kama kilichochanika ni kipande cha ukubwa wa ukucha. Mwaka 1948 daktari Mwingereza aitwaye Fairbank alionyesha kwa picha za eksirei kwamba magoti yaliyotolewa meniskasi yanabadilika umbo kadiri miaka inavyokwenda. Mifupa ilikuwa ikisagana. Yaani kijana aliponywa akiwa na miaka 20, akapewa goti la mzee kabla hajafika 40.

Hapo ndipo Watanabe anapoingia. Ila huwezi kumwelewa bila kumjua mwalimu wake.

Mwalimu na goti lisilopinda

Ukiwa Lodwar hili utalielewa haraka kuliko mtu wa mahali ambapo kila mtu anakalia kochi. Mzee wa Kiturkana hubeba ekicholong yake, kile kigoda kidogo cha mbao. Akikikalia, magoti yanapanda juu karibu na kifua. Mama anachuchumaa mbele ya jiko la mafiga. Choo cha shimo kinataka uchuchumae. Mtu wa kuswali anataka asujudu. Goti likikataa kupinda, hukosi michezo peke yake. Unakosa mahali pa kukaa pamoja na wenzako.

Japani ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa hivyo hivyo. Watu walikula, walizungumza na kupokea wageni wakiwa wamekaa sakafuni juu ya mikeka, magoti yamekunjwa. Na wakati huo kifua kikuu kilikuwa kingi. Usishangae, ugonjwa huo haukai mapafuni tu. Unaweza kuingia kwenye mifupa na viungo, na ukishaingia gotini unaliacha limekakamaa kama gogo.

Profesa Kenji Takagi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, aliyezaliwa 1888, alisumbuliwa na jambo hilo. Alitaka kuugundua ugonjwa mapema, kabla goti halijafungwa. Mwaka 1918 alichukua sistoskopu, kifaa chembamba ambacho madaktari hukipitisha ili waone ndani ya kibofu cha mkojo, akakiingiza kwenye goti la maiti. Akaona ndani.

Hebu ingia kwenye viatu vya wenzake pale chuoni. Jamaa anachukua chombo cha kibofu anakitia gotini! Lakini Takagi hakuishia hapo. Mwaka 1920 alitengeneza kifaa chake mwenyewe. Kilikuwa na unene wa milimita 7.3, kinene mno kwa goti la mtu aliye hai. Akarudi mezani. Mwaka 1931 akapata cha milimita 3.5, akawa analijaza goti maji ya chumvi ili lipanuke na kuacha nafasi ya kutazama. Huo ujanja wa maji unatumika hadi leo.

Wengine pia walijaribu. Ulaya, Mdenmaki Nordentoft na Mswisi Bircher walishachungulia magotini. Marekani, Burman alifanya hivyo mwaka huo wa 1931. Ila kazi hiyo haikushika mizizi kwao. Takagi aliendelea, kifaa baada ya kifaa, hadi akafikisha namba 12. Halafu vita vikuu vya pili vikaja, na mambo ya kuchungulia magoti yakawekwa kando.

Mwanafunzi aliyeanzia namba 13

Masaki Watanabe alizaliwa 1911 katika mkoa wa Nagano, sehemu ya milima katikati ya Japani. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1937 na akawa mwanafunzi wa Takagi. Vita vilipokwisha 1945, Tokyo ilikuwa majivu. Mabomu ya moto ya Machi mwaka huo yaliua watu wapatao 100,000 kwa usiku mmoja. Katika mji wa namna hiyo, daktari kijana angeweza kusema kwamba vifaa vya kuchungulia goti ni anasa, tungoje nchi ijengwe kwanza.

Watanabe hakungoja. Alipata kazi katika Hospitali ya Teishin, hospitali ya wafanyakazi wa posta na simu mjini Tokyo, na hapo akaendeleza pale mwalimu alipoachia. Akatengeneza namba 13, halafu 14, halafu 15. Kila kimoja kilikuwa na kasoro yake. Kimoja picha haionekani vizuri, kingine mwanga hautoshi, kingine kinaona mbele tu. Si kwamba alikuwa na hela za kuchezea. Bahati yake ni kwamba Japani ile ile iliyokuwa ikijijenga upya ilianza kuwa na mafundi hodari wa lenzi na umeme. Kamera za Kijapani zilianza kujulikana duniani, na ujuzi huo huo ulimsaidia daktari wa magoti.

Tarehe 9 Machi 1955 alitoa uvimbe kutoka ndani ya goti akitumia kifaa chake, bila kulipasua goti lote. Mpaka hapo wengi walidhani athroskopu, yaani hicho kifaa, ni cha kutazama tu. Yeye akaonyesha kwamba unaweza kutazama na kufanya kazi kwa wakati mmoja: tundu moja la jicho, tundu jingine la mkono.

Mwaka 1957 yeye na wenzake walitoa kitabu cha picha za ndani ya goti. Picha za kamera za wakati huo hazikutosha kuonyesha kila kitu, kwa hiyo walimtumia msanii achore kwa mkono kile ambacho daktari alikuwa akiona kwenye lenzi. Mwaka huo huo Watanabe alisafiri hadi Barcelona, Uhispania, kwenye mkutano mkubwa wa madaktari wa mifupa wa dunia. Alibeba filamu yake. Akaionyesha. Watu wakatazama kwa adabu, halafu wakaendelea na mambo yao.

Hapo sasa, jiulize wewe ungefanyaje. Umekaa na kitu zaidi ya miaka kumi. Umevuka dunia nzima. Unawaonyesha wakubwa wa fani yako, na wanakuchukulia kama mtu wa mchezo. Kuna wengi wangerudi nyumbani na kukifungia kile kifaa kabatini. Watanabe alirudi Tokyo akaendelea kuhesabu namba.

Karibu mwisho wa miaka ya 1950 ikaja namba 21. Hii ndiyo iliyovunja ukuta. Ilikuwa na uwanja mpana wa kuona na picha iliyo wazi, na ikawa ya kwanza kutengenezwa na kuuzwa kwa wingi kidogo. Lakini usidhani ilikuwa kama simu yako. Haikuwa na skrini yoyote. Daktari aliinama, akaweka jicho lake kwenye lenzi, mgongo ukimuuma, huku yeye peke yake akiona. Mwanga ulitoka kwenye balbu ndogo iliyokaa ncha ya kifaa, ndani ya goti lenyewe. Balbu hiyo iliweza kuvunjika, na vioo vyake vikabaki humo. Kila upasuaji ulikuwa kama kuvuka Turkwel usiku wa mafuriko huku umeshika tochi ya mkopo.

Kijana wa miaka 17

Sasa tufike siku yenyewe. Tarehe 4 Mei 1962, alifika mbele ya Watanabe kijana wa miaka 17. Hakuwa bingwa wa taifa wala mtoto wa waziri. Alikuwa kijana aliyejipinda goti akicheza basketiboli, na tangu hapo goti lilikuwa linauma na kuvimba mara kwa mara.

Watanabe aliingiza namba 21. Akaona meniskasi ya upande wa ndani. Nyuma yake kulikuwa na pande lililochanika, linaning'inia. Sasa angeweza kufanya kama vitabu vya zamani vilivyofundisha: fungua goti, toa yote, shona. Badala yake alikata lile pande tu. Kilichokuwa kizima akakiacha pale pale kiendelee na kazi.

Kijana alitembea akaenda zake nyumbani. Wiki sita baadaye alikuwa uwanjani akicheza basketiboli.

Nataka hapo ukae nalo kidogo, kwa sababu sifa nyingi anazopewa Watanabe ni za kifaa. Wanasema baba wa athroskopu ya kisasa, sawa. Lakini mimi naona jambo kubwa zaidi alilofanya siku ile ni kuacha. Aliacha sehemu nzima. Kwa miaka mingi wapasuaji walikuwa wakitoa kila kitu kwa sababu hawakuona vizuri. Mtu asiyeona hukata zaidi. Watanabe alikuwa ameona, ndiyo maana mkono wake uliweza kutosheka na kidogo.

Takagi, mwalimu wake, alifariki mwaka uliofuata, 1963. Kutoka goti la maiti la 1918 mpaka goti la yule kijana ni miaka 44. Watu wawili, mwalimu na mwanafunzi, vifaa 21. Ukisikia mtu akisema wazo zuri hukubalika siku hiyo hiyo, mpe hesabu hiyo.

Mkanada aliyelipa kwa Kiingereza

Dunia ilikuja kujua kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1964 Tokyo iliandaa Olimpiki. Mwaka huo alifika daktari kijana kutoka Toronto, Kanada, aitwaye Robert Jackson, kwa ajili ya utafiti mwingine kabisa. Alisikia kuhusu mtu fulani anayechungulia magoti, akamtafuta, akampata Teishin. Wakakubaliana. Watanabe angemfundisha athroskopu, na Jackson angemfundisha Watanabe Kiingereza. Hakuna karo, hakuna fomu. Biashara ya kubadilishana, kama mbuzi kwa mahindi.

Mwaka 1965 Jackson alirudi Toronto na namba 21 kwenye mizigo yake. Huko pia wenzake walikuwa na mashaka mwanzoni. Taratibu akafundisha mmoja, akafundisha kumi. Watanabe naye hakulala: mwaka 1967 alileta namba 22, iliyotumia nyuzi za kioo kupitisha mwanga kutoka nje, ile balbu ya hatari ikaondoka gotini. Mwaka 1969 mwanafunzi wake Hiroshi Ikeuchi alipiga hatua nyingine: badala ya kukata meniskasi iliyochanika, aliishona kupitia tundu lile lile. Mwaka 1970 Watanabe alikuwa na namba 24, nyembamba ya milimita 1.7, ya kuingia kwenye viungo vidogo.

Mwaka 1974, huko Philadelphia, Marekani, madaktari waliunda chama cha kimataifa cha athroskopu. Rais wa kwanza waliyemchagua ni yule jamaa wa filamu ya Barcelona. Miaka 17 ilikuwa imepita.

Matunda yake yalionekana wazi mwaka 1984. Mkimbiaji Mmarekani Joan Benoit alifanyiwa upasuaji wa goti kwa athroskopu mwezi Aprili. Siku 17 baadaye alikimbia marathoni ya kuchagua timu ya nchi yake, akashinda. Agosti mwaka huo, Los Angeles, akashinda marathoni ya kwanza kabisa ya wanawake katika Olimpiki. Kwa goti lililopasuliwa kwa njia ya zamani, hilo lingekuwa ndoto.

Mwaka 1994 jarida la michezo la Sports Illustrated la Marekani lilipotaja watu 40 waliobadilisha michezo katika miaka 40 iliyotangulia, Jackson alikuwa ndani. Haki yake. Lakini Jackson mwenyewe alijua alikochota maji. Watanabe alifariki katikati ya miaka hiyo ya 1990. Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya vijana waliotembea kwa miguu kutoka Sudan, ilikuwa bado changa.

Hii inakuhusu vipi wewe wa huku

Huku kwetu miguu ni mali. Timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio 2016, ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akajifunzia mpira hapo, na mwaka 2022 alikuwa Qatar na Australia kwenye Kombe la Dunia. Paul Ereng, Mturkana, alichukua dhahabu ya mita 800 Seoul 1988. Na hata usipokimbia popote, bado kuna mifugo ya kufuata, edonga za kuruka usiku kucha, na bodaboda ya kuegemeza kwa mguu mmoja ikiwa na mzigo.

Kwa hiyo haya ndiyo unayoweza kuyabeba kutoka kwa Watanabe.

Goti likikwama na kukataa kunyooka, usikubali livutwe. Nenda kituo cha afya cha karibu uliko, uwe Kakuma, Kalobeyei au Lodwar, na useme mambo matatu: ulijipinda vipi, liliviimba baada ya muda gani, na kama linakwama au linalegea ukitembea. Hayo matatu yanamsaidia daktari kuliko kusema tu kwamba goti linauma. Vipimo vya mkono vina maana, na skani ya MRI inaweza kufuata ikihitajika. Ukipewa rufaa ya kwenda Eldoret au Nairobi, najua ni mbali na nauli si mchezo. Lakini goti lililokwama kabisa si la kungoja muhula uishe, kwa sababu mchaniko ambao leo ungeshonwa, kesho unaweza kuwa umesagika mpaka hauna cha kushona.

Upasuaji wenyewe, siku hizi, uko hivi. Unachomwa sindano ya ganzi mgongoni au unapewa nusukaputi. Vinatobolewa vitundu viwili au vitatu, kila kimoja chini ya sentimita moja. Goti linajazwa maji ya chumvi. Kamera ya unene wa kama milimita 4 inaingia tundu moja, makasi madogo tundu jingine, na chumba kizima kinaona kwenye skrini. Mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hatari zipo, ingawa si nyingi: maambukizi, damu kuganda mguuni. Goti likiwa moto na jekundu na wewe ukipata homa, rudi hospitali bila kungoja kesho.

Uliza swali hili kabla hujalala mezani: je, itakatwa au itashonwa? Majibu yanabadilisha maisha yako ya miezi ijayo. Ikikatwa kipande tu, unaweza kutembea mapema na kurudi mchezoni baada ya wiki chache, kama yule kijana wa 1962. Ikishonwa, utakuwa na magongo kwa wiki kadhaa, na mpira utausubiri kwa miezi minne hadi sita. Vijana wengi wanachagua njia fupi kwa sababu ligi inaanza. Lakini meniskasi iliyoshonwa ikapona inabaki gotini kukulinda ukiwa na miaka 50. Wewe ndiye utakayeishi na hilo goti. Kocha atapata mchezaji mwingine.

Na mazoezi baada ya upasuaji ni nusu ya dawa. Kunyanyua mguu ulionyooka ukiwa umelala chali kwenye mkeka, mara kumi, pumzika, mara kumi tena, halihitaji jimu. Linahitaji mtaalamu wa viungo akuonyeshe na wewe usichoke.

Jambo la mwisho ni la mzazi au babu anayesoma hapa akidhani nimemsahau. Si kila mchaniko unataka kisu. Kadiri umri unavyokwenda, meniskasi huchakaa na kuchanika yenyewe polepole, bila ajali yoyote. Mwaka 2013 madaktari wa Finland walichapisha utafiti wa watu 146 wa miaka 35 hadi 65 wenye mchaniko wa namna hiyo. Nusu walikatwa kile kipande kwa athroskopu, nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Kwa magoti ya aina hiyo, mazoezi na kupunguza uzito huanza mbele. Nadhani Watanabe asingeudhika na matokeo hayo. Kazi yake yote ilikuwa kutazama vizuri ili asikate bila sababu, na hawa nao walitazama vizuri.

Kama kuna mtu wa timu yenu anayechechemea tangu mwezi uliopita na kila jioni anawaambia yuko poa, mtumie hii stori leo. Halafu mwambie akae chini, anyooshe miguu yote miwili. Ule mmoja ukikataa, mpelekeni hospitali asubuhi.